Tanga 1914 mezani kwa jioni moja: uhalisia tuuweke wapi kwenye kanuni?

#1 RasKasone

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotunga kanuni za vita vya sanamu ndogo. Swali ni lile la siku zote: kanuni zifanane na vita vyenyewe kiasi gani kabla mchezo haujageuka kazi ya uhasibu? Ili tusielee hewani, tuchukue pigano moja: Tanga, tarehe 4 Novemba 1914.

Kwa asiyelijua: Jenerali Aitken wa Uingereza ameshusha Ras Kasone kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, walioletwa kwa reli ya Usambara. Kati ya ufuko na mji kuna mashamba ya mpira na vichaka. Kikosi kinaanza kusogea mchana, jioni kimesharudi nyuma, na tarehe 5 kinapanda meli na kuacha bombomu (bunduki za mashine) 16 pwani.

Rasimu niliyo nayo: sanamu za mm 10, meza ya sm 180 kwa 120, sm 1 ni mita 20, zamu moja ni dakika 10 za vita. Kila aina ya bunduki ina mstari wake kwenye jedwali. Kufyatua kuna hatua tatu (kupiga, kujeruhi, kujikinga), na orodha ya nyongeza na punguzo ina vipengele 14. Zamu moja inakula dakika 40 za saa ya ukutani. Nikate wapi?

#2 DaduMbili

Anza na hizo hatua tatu, maana ndizo zinazokula muda bila kurudisha kitu. Tuseme unarusha dadu 10: unapiga kwa 4 na zaidi, unajeruhi kwa 4 na zaidi, adui anajikinga kwa 5 na zaidi. Nafasi ya kila dadu kuleta madhara ni 1/2 × 1/2 × 2/3, yaani 1/6.

Sasa rusha dadu 10 hizo hizo mara moja, uhesabu 6 tu. Nafasi ni 1/6. Si wastani pekee unaolingana. Mtawanyiko mzima wa matokeo ni ule ule, kwa sababu kila dadu inajitegemea. Umerusha mara tatu, ukachambua mara tatu, ukapata kile ambacho mrusho mmoja ungekupa.

Kuna hoja moja ya kweli upande wa hatua tatu: zinakupa nafasi ya punguzo dogo. Ukiongeza 1 kwenye kupiga, unatoka 1/6 kwenda 2/9. Kwenye mrusho mmoja, kutoka "6 tu" kwenda "5 na zaidi" unaruka hadi 1/3, mara mbili nzima. Dawa yake ni kubadili idadi ya dadu badala ya namba unayotafuta. Dadu 13 kwa 6 tu zinaleta wastani wa 2.17, dadu 10 zenye ile nyongeza zingeleta 2.22. Hakuna mchezaji atakayehisi tofauti hiyo mezani.

#3 Mpimaji

Kabla ya dadu, urefu wa zamu. Mkuu, piga hesabu: kikosi kilianza kusogea saa sita mchana, na Tanga mwezi Novemba jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Tufunge pazia saa kumi na mbili na nusu. Hizo ni saa sita na nusu. Kwa zamu za dakika 10 ni zamu 39. Mara dakika 40 kila moja, unahitaji saa 26 za kucheza. Hata ukipunguza nusu ya orodha yako hufiki.

Fanya zamu iwe dakika 30. Zamu zinakuwa 13, na kwa dakika 12 kila moja unamaliza ndani ya saa tatu kasoro.

Mwendo utoe kwenye pigano lenyewe, usiutoe kwenye vitabu vya gwaride. Walitembea kuanzia mchana hadi alasiri kabla moto haujapamba, kama kilomita mbili kwenye joto na miti iliyobanana. Hiyo ni karibu mita 400 kwa nusu saa, kwa hiyo sm 20 ndani ya shamba. Barabarani mpe sm 40. Ukiandika mwendo wa barabarani kwa meza nzima, Waingereza watakuwa mjini zamu ya tatu, na pigano uliloliweka mezani si la Tanga tena.

#4 Gobole71

Kama mnaelekea kulifuta na lile jedwali la silaha, sikubali. Kombania nyingi za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilikuwa bado na Mauser ya 1871: mm 11, baruti nyeusi. Upande wa pili kuna Lee-Enfield yenye risasi kumi kwenye magazini. Ukimpa kila mtu dadu sawa umefuta tofauti kubwa kuliko zote uwanjani. Afadhali mstari mmoja zaidi kwenye jedwali kuliko kudanganya.

#5 Mpimaji

Gobole71, tofauti ipo, lakini itazame ndani ya nusu saa. Mtu aliyezoea Lee-Enfield anaweza kutoa risasi 15 kwa dakika. Kwa dakika 30 ni risasi 450. Hakuna askari aliyebeba risasi hizo mfukoni. Kwenye zamu ndefu, kasi ya kufyatua si kikomo tena. Kikomo ni risasi ulizobeba na umbali unaoona. Ndani ya shamba la mpira macho yanafika kama mita 100, sm 5 mezani, na kwa umbali huo Mauser kuukuu inaua vilevile.

Zaidi ya hayo, baadhi ya batalioni za Kihindi zilikabidhiwa bunduki mpya muda mfupi tu kabla ya kusafiri. Ubora wa chuma na mazoea ya mkono vinakatana.

Silaha inabaki kwenye kanuni pale inapombadilishia kamanda uamuzi. Vinginevyo iache.

#6 Gobole71

Basi kuna kitu kimoja cha Mauser 71 ambacho kinabadilisha uamuzi: moshi. Baruti nyeusi inatoa wingu jeupe juu ya mstari. Adui haoni mtu, lakini anajua pa kulenga. Na baada ya muda mwenye bunduki mwenyewe haoni mbele.

Napendekeza hivi. Kibao (kipande kinachobeba sanamu za kikosi kimoja) chenye Mauser 71 kikifyatua, weka pamba mbele yake. Mambo mawili yanafuata: kimeshafichuka, hata kama kilikuwa kimejificha; na kikifyatua tena zamu inayofuata bila kuhama, kinarusha dadu moja pungufu. Ukikihamisha angalau sm 5, pamba inabaki nyuma na hesabu inaanza upya.

Hakuna jedwali wala namba ya kukariri. Pamba yenyewe mezani inakukumbusha.

#7 Mpimaji

Hiyo naipokea yote. Mchezaji analazimika kuchagua kati ya kukaa kwenye nafasi nzuri na kuhama, na uchaguzi huo ndio aliokuwa nao kamanda wa kombania.

#8 KitiChaAmri

Mmegusa jambo ambalo ningeliweka mwanzo kabisa: mchezaji amekaa kiti cha nani? Kwa meza hii ni Aitken na majenerali wake wawili wa brigedi, Wapshare na Tighe, au Lettow. Weka undani ngazi moja chini ya kiti hicho, yaani batalioni na kombania. Ngazi mbili chini, mtu mmoja mmoja na bunduki yake, vyote viachie dadu moja.

Kilichomshinda Aitken hakikuwa takwimu za risasi. Batalioni zilitenganishwa na miti, kila moja ikapigana bila kumwona jirani. Kanuni lazima ionyeshe hilo, na inaweza kwa dadu moja.

Kila jenerali wa brigedi anarusha dadu moja mwanzoni mwa zamu. Namba inayotoka ndiyo nukta zake za amri. Nukta moja inahamisha kundi moja. Batalioni zinahesabiwa kundi moja kama umbali kati yake hauzidi sm 15 mahali pa wazi, au sm 5 ndani ya shamba. Wazo la dadu moja kugawa amri si langu. DBA, kanuni za vita vya kale za mwaka 1990, ilijenga mchezo mzima wa vibao 12 juu yake.

Tazama linavyofanya kazi. Brigedi ya batalioni nne zilizoshikana inahitaji nukta 1, kwa hiyo inasogea kila zamu. Zikiachana zote nne, unahitaji 4 na zaidi: nusu ya zamu hazisogei zote. Zikivunjika vipande sita, unahitaji 6 kamili, mara moja katika sita. Hakuna mahali umeandika "Waingereza wanachanganyikiwa", ila watachanganyikiwa, kwa sababu miti imewatenganisha na mchezaji ndiye aliyeamua kuharakisha.

Kwa Lettow: dadu moja kwa upande wa mji na moja kwa akiba yake. Kombania iliyoamriwa kushika nafasi haihitaji nukta kufyatua wala kubaki. Ikitaka kuhama ndipo inalipa.

#9 RasKasone

Nawashukuru. Idadi ya vibao inanitatiza. Nikiweka kibao kimoja kwa watu 60, Waingereza wana vibao zaidi ya 100. Nikiweka kimoja kwa watu 200, Lettow anabaki na vitano.

Na pili, nyuki. Kila anayesikia Tanga anauliza nyuki wako wapi.

#10 Mpimaji

Kibao kihesabu upana, usikihesabu idadi ya watu. Kibao cha sm 4 ni mita 80 za ardhi. Platuni ya askari 55 iliyojitawanya inaziba mita 80. Kombania ya batalioni ya Kihindi yenye watu kama 190 kwa mistari iliyopangana nayo inaziba mita hizo hizo, kwa sababu ndani ya shamba wa mistari ya nyuma hawana wa kumpiga. Basi batalioni ni vibao 4, kombania ya Schutztruppe ni vibao 3. Waingereza wanakaribia 32, Lettow 18 hadi 20, na si wote wanaoanza mezani.

#11 Gobole71

Watu 190 na watu 55 kuwa na nguvu sawa? Hapo umepinda kitu.

#12 Mpimaji

Nguvu ya moto kwa zamu moja, ndiyo, karibu sawa ndani ya miti. Faida ya wingi inaonekana kwa namna nyingine: Mwingereza ana vibao vya kuweka mstari wa pili na kuzunguka ubavu. Mahali pa wazi, kwa mfano mbele ya ukingo wa reli karibu na mji, ruhusu vibao viwili vya Waingereza vipigane kimoja nyuma ya kingine, cha nyuma kikichangia dadu moja. Ukiona bado haitoshi, ongeza hapo, usiguse shamba.

#13 DaduMbili

Nyuki sasa. Mizinga ilitundikwa mitini mle mashambani, risasi zikaitikisa, nyuki wakatoka wakauma pande zote mbili. Tunatumia neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha kubwa, kwa hiyo kwenye karatasi ya kanuni andikeni "mzinga wa nyuki" kila mara, la sivyo mtu ataweka silaha kubwa ndani ya shamba.

Kosa la kawaida ni kuwapa nyuki ukurasa mzima: wanatoka wapi, wanaruka sentimita ngapi, wanageuka upande gani. Kosa la pili ni kuwafanya wengi mno. Tuseme kibao cha kawaida kinarusha dadu 2, na ndani ya shamba kuna mifyatuo 8 kwa zamu kwa zamu 6, jumla 48. Ukisema "dadu zikifanana nyuki wanatoka", nafasi ni 1/6, na utapata nyuki mara 8 kwa mchezo. Vita vinakuwa vya nyuki peke yao. Ukisema "zikitoka 1 na 1", nafasi ni 1/36. Wastani ni mara 1.3, na uwezekano wa kuwaona angalau mara moja ni karibu asilimia 74. Michezo mitatu kati ya minne ina nyuki, mmoja hauna. Hapo pako sawa.

Matokeo: kila kibao ndani ya sm 10 ya kilichofyatua, cha upande wowote, kinapata alama mbili za hofu na hakifyatui zamu ijayo. Hakuna mrusho wa ziada, maana dadu zilikuwa zimesharushwa tayari.

Bombomu mzitendee vivyo hivyo. Inarusha dadu 4. Zikitoka 1 mbili au zaidi, imekwama zamu moja. Hiyo ni asilimia 13, takriban mara moja katika nane, na hukuongeza jedwali la kukwama.

#14 BintiPongwe

Mmetaja alama za hofu bila kuzieleza, nami naona hapo ndipo kanuni nyingi za Tanga zinapoharibika.

Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 800 kati ya 8,000. Ni kama mtu mmoja kwa kumi, na kikosi kizima kikashindwa. Kanuni inayosubiri nusu ya sanamu ziondolewe kabla ya batalioni kurudi nyuma haiwezi kamwe kutoa matokeo hayo. Kwa hiyo msiondoe sanamu. Kila pigo ni alama moja ya hofu, shanga nyekundu nyuma ya kibao.

Alama hazizuii chochote mpaka mchezaji atake kusogea kumwelekea adui, au adui amvamie. Hapo anarusha dadu 2 na anatafuta 5 pamoja na idadi ya alama. Akiwa na alama 1 anatafuta 6, anapita kwa asilimia 72. Alama 2 ni asilimia 58, alama 3 ni 42, alama 4 ni 28. Dadu mbili ni bora kuliko moja hapa, kwa sababu alama ya pili hadi ya nne ndizo zinazouma zaidi. Ile ya kwanza ni msukosuko tu. Akishindwa anarudi sm 10, na kibao cha rafiki anachopita kinachukua alama 1. Nukta moja ya amri inafuta alama moja kwenye kibao ambacho hakionwi na adui.

La pili nalisema kwa uzito. Orodha nyingi za vikosi zinapanga ubora kwa kabila au taifa: hawa ni "wapiganaji kwa asili", wale siyo. Huo ni ubaguzi wa wakoloni uliovalishwa namba. Batalioni zilizovunjika Tanga zilikuwa zimeondoka Bombay tarehe 16 Oktoba, zikakaa melini zaidi ya wiki mbili, baadhi zina bunduki ngeni, hazijawahi kufanya mazoezi pamoja. Askari wa upande wa pili walikuwa na mafunzo ya miaka chini ya makamanda wale wale. Basi andikeni sababu yenyewe: "wamechoka na safari", ongeza 1 kwenye namba wanayotafuta, "wamezoeana", punguza 1. Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles wabaki kawaida. Hivyo mchezaji anajifunza kilichotokea, na akitaka kujaribu "ingekuwaje wangepumzika siku tatu Mombasa" anafuta neno moja tu.

#15 KitiChaAmri

BintiPongwe, naongeza mkono. Na orodha za Schutztruppe zinazotaja maofisa wa Kijerumani tu, askari wakabaki "kibao namba 7", nazo zirekebishwe. Kulikuwa na masajini Waafrika wenye cheo chao. Wawe na sanamu yao.

#16 PambaNaGundi

Kwa upande wa mikono, kwa sababu kanuni nzuri hufia kwenye meza mbaya.

Shamba la mpira msilijaze miti iliyogundishwa. Vibao vya sm 4 kwa 2 havipiti, wachezaji wanaanza kukisia, ugomvi unaanza. Kateni kitambaa cha kijani kuonyesha mipaka ya shamba, juu yake miti iliyosimama kwenye sarafu au washa, kama mmoja kila sm 6 kwa mistari iliyonyooka. Inasogezwa kikosi kikipita. Mpaka wa kitambaa ndio unaohesabiwa.

Majani marefu: nyuzi za katani, kateni mm 8, chovyeni ncha kwenye gundi ya mbao, simamisheni kwa koleo. Kwa meza ya Tanga hakuna kitu kinachofaa zaidi.

Vibao vya kadibodi ya mm 2 hupinda mkipaka rangi ya maji upande mmoja. Pakeni vanishi pande zote mbili kwanza, acheni usiku kucha. Pamba ya moshi ichambueni mpaka muone mwanga kupitia kwake. Ikiwa nzito inashika kwenye bunduki za sanamu na kuzivunja.

#17 MwamuziHuru

Mmenikumbusha kwamba ubishi huu ulianza Prussia. Kanuni za Reisswitz mdogo za mwaka 1824 zilikuwa na ramani ya 1:8,000, zamu za dakika 2, dadu na majedwali. Baadaye maofisa walichoshwa na majedwali, na mwaka 1876 von Verdy du Vernois akapendekeza mwamuzi mzoefu aamue bila hayo.

Kama mna mtu wa tatu, mtumieni kwa jambo moja tu: kuficha. Lettow haweki vibao mezani. Anaweka kadi 12 zilizofunikwa kuanzia ukingo wa reli hadi upande wa kusini wa shamba, baadhi ni kombania, zilizobaki tupu. Mwingereza akifika sm 5 ndani ya shamba, au sm 30 pa wazi, kadi inafunuliwa. Kombania ya 13 na wenzake waliopiga ubavu wa kushoto wa Waingereza waliweza kwa sababu hakuna aliyewaona wakija. Mkiwaweka wazi toka zamu ya kwanza, Mwingereza yeyote mwenye akili atageuza batalioni kuwasubiri, na jambo kuu la siku ile limeyeyuka.

Bila mwamuzi inawezekana pia. Kadi zenyewe zinatosha.

#18 RasKasone

Nimeipanga upya. Imeenea ukurasa mmoja wa A4, upande mmoja, na bado kuna nafasi ya ramani ndogo. Punguzo za kufyatua zimebaki tatu: pa wazi unapiga kwa 5 na zaidi, shambani kwa 6 tu, moshi dadu moja pungufu. Meli ya HMS Fox nimeipa mrusho mmoja kwa zamu, ikiangukia popote ndani ya sm 15 ya lengo, basi.

Namna ya kuijaribu?

#19 DaduMbili

Usicheze vita vizima kwanza. Chukua batalioni moja dhidi ya kombania moja ndani ya shamba, rudia mara 20, andika nani aliondoka na zamu ya ngapi. Batalioni ikishinda mara 15 au zaidi, au chini ya 5, rekebisha idadi ya dadu, usiongeze kanuni mpya. Kisha cheza mzima, na mtu mmoja aweke alama kila karatasi inaposhikwa kutafuta jibu. Kanuni iliyotafutwa zaidi ya mara tatu ama imeandikwa vibaya ama haihitajiki.

#20 KitiChaAmri

Limebaki sharti la ushindi, na hapa usihesabu nyumba za mjini. Usiku ule askari wengi wa Lettow nao walirudi kambini Kange, magharibi ya mji, kwa kutoelewana kwa amri, mji ukawa karibu mtupu, na Waingereza hawakujua. Kwa hiyo mwisho wa zamu ya 13 ondoeni kadi zote zisizofunuliwa, kila upande uhesabu alama zake peke yake, kisha uandike kwa siri kwenye kipande cha karatasi neno moja: "nabaki" au "naondoka". Mwenye alama nyingi kuliko vibao vyake lazima aondoke. Wengine wote wana hiari. Funueni pamoja. Wakiondoka wote wawili, rusheni dadu moja moja. Mwenye kubwa ndiye aliyegundua kwanza alfajiri.